Historia Iliyomo Ndani ya Kisanduku cha Intaneti

Tunapotaja neno historia, fikra za wengi wetu huenda moja kwa moja kwenye falme, vita, mikataba na tarehe za uhuru. Hapana ubaya, maana ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tulivyowafundisha wengine. Lakini vyombo vya nyumbani navyo vina historia, na mara nyingine historia hiyo hutugusa kila siku kuliko ile ya falme. Nataka kueleza hapa historia ya chombo kimoja kidogo ambacho katika miaka hii kimeingia katika nyumba nyingi za mijini, na sasa kinaingia hata vijijini. Ni kile kisanduku cha plastiki chenye taa ndogo na pengine antena mbili au nne, kinacholeta intaneti nyumbani. Mafundi hukiita ruta.

Desturi ya wengi ni kuchomeka waya wa umeme, kungoja taa igeuke kijani, kisha kuendelea na shughuli. Kumbe kisanduku hiki kina maswali yake. Kinataka mtandao upewe jina, kinataka neno la siri, kinataka kujua ni ulinzi wa aina gani utumike, na kinataka kujua nani ana haki ya kukiamuru. Kila moja ya maswali hayo lilizaliwa na tatizo lililowapata watu fulani katika mwaka fulani. Asiyeijua historia hiyo huyaacha majibu kama yalivyotoka kiwandani. Na kuyaacha hivyo, kama nitakavyoonyesha, kuna gharama yake.

Chuoni tulipokuwa tukisomea ualimu tulihimizwa kulianza kila somo na kile ambacho mwanafunzi anakijua, ndipo tumpeleke kwenye kile asichokijua. Basi na tuanze na posta. Barua ikitumwa kutoka Kigoma kwenda Tanga, karani wa Kigoma hahitaji kuijua nyumba ya mpokeaji. Yatosha ajue mfuko upi unaelekea mashariki. Karani wa kituo kinachofuata naye hufanya vivyo hivyo, mpaka barua imfikie mwenyewe. Ruta ni karani wa namna hiyo. Habari zote za intaneti, iwe picha, sauti au maandishi, hukatwakatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani ya inakokwenda. Ruta huisoma anwani, huchagua njia, huisukuma pakiti mbele, kisha hushika nyingine.

Makarani wa kwanza wa aina hii hawakuwa wadogo. Mwaka 1969 kampuni ya BBN ya Marekani ilitengeneza mashine zilizoitwa IMP kwa ajili ya mtandao wa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo. Kila mashine ilikuwa na ukubwa wa jokofu na ilizidi uzito wa kilo 400. Tarehe 29 Oktoba 1969 ujumbe wa kwanza ulitumwa kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Walikusudia kuandika neno la kuingilia kwenye kompyuta ya upande wa pili, lakini zilifika herufi mbili tu, L na O, mitambo ikazimika. Kazi ya jokofu lile ndiyo inayofanywa leo na kisanduku kinachokaa juu ya kabati la vyombo.

Huku kwetu njia za habari zilitangulia sana kuwapo kabla ya kompyuta. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea hadi Msumbiji na Durban. Lakini zama za intaneti zilipoingia, pwani yote ya Afrika Mashariki ilibaki kwa miaka mingi ikitegemea setilaiti. Setilaiti hizo huzunguka zikiwa kilomita zipatazo 36,000 juu ya ikweta, na neno likipanda huko, likashuka, na jibu likafuata njia hiyohiyo, nusu sekunde imekwisha. Gharama nazo zilikuwa za ofisi kubwa na mashirika. Mwaka 1879 na mwaka 2009 imeachana kwa miaka 130, na mwezi Julai 2009 ndipo mkongo wa SEACOM ulipofunguliwa, ukiigusa Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka huohuo mkongo wa TEAMS uliiunganisha Mombasa na Fujairah, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Kutoka ufukweni, mikongo ya nchi kavu, kama ule Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hapa Tanzania, iliichukua intaneti na kuipeleka bara. Ndiyo maana leo mtu wa kawaida anaweza kuwa na ruta yenye laini ya simu ndani yake, au iliyounganishwa kwa waya wa faiba kutoka kwenye nguzo ya barabarani.

Sasa tuyageukie maswali ya kisanduku. La kwanza ni la anwani. Ukikigeuza chini utakuta kibandiko, na aghalabu juu ya kibandiko hicho pameandikwa tarakimu kama 192.168.1.1. Ukiziandika katika kivinjari cha simu au kompyuta iliyounganishwa na ruta hiyo, ukurasa wa kuipangia utafunguka. Jambo la ajabu ni kwamba tarakimu hizohizo zimo katika mamilioni ya nyumba duniani. Inakuwaje nyumba nyingi ziwe na anwani moja na barua zisipotee?

Jibu lake ni uhaba. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ulihamia kwenye kanuni zilizoasisiwa na Vint Cerf na Bob Kahn, kanuni ambazo intaneti inazitumia mpaka leo. Katika kanuni hizo kila anwani ni tarakimu nne, na kila moja huanzia 0 na kuishia 255. Mwanafunzi wa hesabu akizidisha 256 kwa yenyewe mara nne atapata 4,294,967,296. Siku ile watu duniani walikuwa wamekwisha kuzidi bilioni nne na nusu, kwa hiyo anwani zilikuwa chache kuliko watu tangu mwanzo. Hakuna aliyejali, kwa kuwa kompyuta zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Miaka kumi baadaye mambo yalikuwa yamebadilika, na wahandisi wakaona upungufu unakuja.

Mwezi Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha pendekezo ambalo wenyewe walilieleza kuwa ni la muda mfupi, hadi litakapopatikana suluhisho la kudumu. Mwezi Februari 1996 mafungu matatu ya anwani yakatengwa rasmi kwa matumizi ya ndani ya nyumba na ofisi, na fungu linaloanza na 192.168 ni mojawapo. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili ni rahisi kulielewa. Shule yenye wanafunzi mia sita huwa na Sanduku la Posta moja tu. Barua zote za shule hufika katika S.L.P. hiyo, kisha karani wa shule huzigawa kwa majina na madarasa. Mabweni yanaweza kuitwa Bweni A na Bweni B katika kila shule nchini, na hakuna barua itakayopotea, maana majina hayo hayatoki nje ya uzio. Ruta ndiyo karani wa shule. Nje ina anwani moja, na ndani hugawa anwani zake yenyewe kwa simu, kompyuta na televisheni. Mwezi Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho kwa mamlaka tano za kanda, ikiwamo AFRINIC ya Afrika yenye makao Mauritius. Anwani ndefu za kudumu, ziitwazo IPv6, zinaenea, lakini dawa ile ya muda mfupi bado inafanya kazi nyumbani kwako.

Swali la pili ni la mawimbi, na historia yake inaanzia visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianza kuunganisha vituo vya visiwa mbalimbali na kompyuta yao kuu kwa redio badala ya waya. Vituo vyote vilitumia masafa yaleyale. Kanuni yao ilikuwa hivi: tuma unapotaka, na usipopata jibu kwamba ujumbe umefika, subiri kitambo cha kubahatisha, kisha tuma tena. Yeyote aliyepata kusimamia mjadala wa darasa ataitambua hekima hiyo. Wawili wakisema kwa pamoja, wanyamaze wote, na wasianze tena kwa wakati mmoja.

Mwaka 1985 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu vyombo vya mawasiliano vitumike bila leseni katika masafa ambayo yalionekana hayana thamani, likiwamo lile la gigahezi 2.4 linalotumiwa na majiko ya maikrowevu. Juu ya masafa hayo zilijengwa kanuni za mwaka 1997, zilizoboreshwa mwaka 1999, na katika mwaka huo likabuniwa jina la kibiashara la Wi-Fi. Kutokana na historia hiyo tunapata mashauri ya namna ya kukiweka kisanduku. Kisikae jikoni karibu na maikrowevu, maana wawili hao ni majirani wa masafa mamoja na hugombana. Kiwekwe mahali pa juu, katikati ya nyumba, mbali na tangi la maji na milango ya chuma. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta za matofali vizuri zaidi, na yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila huchoka upesi yakikutana na ukuta.

Swali la tatu ni la ulinzi, na hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Waya una faida moja, kwamba anayeutaka sharti aingie ndani ya nyumba. Mawimbi hayajui uzio. Waliotunga kanuni za 1997 waliweka kufuli liitwalo WEP. Mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walieleza hadharani kasoro yake, na tangu hapo kufuli hilo likawa la kufunguliwa kwa muda mfupi na mtu mwenye kompyuta ya kawaida. Mwaka 2003 likaletwa WPA, mwaka 2004 WPA2, na mwaka 2018 WPA3. Kwa hiyo ukurasa wa ruta unapokuorodheshea majina hayo, usidhani ni mapambo. Ni orodha ya makufuli kwa mpangilio wa miaka. Chagua WPA3 ikiwa vyombo vyako vinaiweza, la sivyo WPA2, na usiiguse WEP.

Kufuli bora halifai kitu ikiwa ufunguo wake unajulikana na mtaa mzima. Jirani yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, aliniambia siku moja: "Mwalimu, kila wiki nanunua bando, na kila wiki linakwisha Jumatano. Pensheni yenyewe unaijua." Alikuwa amelalamika kwa wale waliomuuzia, wakamshauri anunue bando kubwa zaidi. Tulikaa sebuleni kwake tukaufungua ukurasa wa ruta. Pale kwenye orodha ya vyombo vilivyounganishwa tulihesabu kumi na vinne, ilhali nyumbani mwake mlikuwa na vitano. Fundi aliyekuja kufunga alikuwa ameweka neno la siri la 12345678, kwa sababu ruta haikubali neno lenye herufi pungufu ya nane. Na si kwake tu. Nyumba kadhaa za mtaa ule zilikuwa na neno hilohilo, kwa kuwa alizifunga fundi yuleyule.

Tulichofanya kilichukua dakika zisizozidi ishirini. Tulibadili jina la mtandao, kwa sababu lile la awali lilitangaza aina ya ruta kwa kila mpita njia. Tukaweka neno la siri lililotokana na maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana. Nilimshauri asitumie methali, maana methali inajulikana na watu wote. Kisha tukabadili neno la siri la pili, ambalo wengi hawajui kwamba lipo. Lile la kwanza humruhusu mtu kutumia intaneti, na hili la pili humruhusu kuiamuru ruta yenyewe. Lilikuwa "admin", kama lilivyotoka kiwandani.

Neno hilo dogo lina historia nzito. Mwaka 2016 vijana wa Marekani walitunga programu haribifu iitwayo Mirai. Haikuvunja kufuli lolote kwa werevu mkubwa. Ilikuwa na orodha ya jozi zipatazo 60 za majina na maneno ya siri ya kiwandani, na ilizunguka duniani ikigonga milango ya kamera, vinasa video na ruta, ikijaribu moja baada ya jingine. Mlango uliofunguka, chombo kikawa askari wake. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn, na tovuti nyingi mashuhuri zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa huko Marekani na Ulaya. Mwezi uliofuata, aina mpya ya programu hiyo ilikatisha huduma kwa wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom, Ujerumani, kwa kuzihangaisha ruta zao. Desemba 2017 vijana watatu walikiri makosa yao mahakamani. Wenye kamera na ruta zile hawakuwa na habari. Walilala usingizi, na vyombo vyao vikaenda vitani.

Baada ya hapo sheria zikaanza kufuata. California ilipiga marufuku maneno ya siri ya pamoja ya kiwandani kuanzia tarehe 1 Januari 2020, na Uingereza kuanzia tarehe 29 Aprili 2024. Lakini sheria ya nchi nyingine haikingi ruta iliyonunuliwa hapa miaka sita iliyopita. Hiyo italindwa na mwenye nyumba. Abadili neno la msimamizi, na mara kwa mara aangalie kama kuna toleo jipya la programu ya ndani ya ruta alipakue. Tena azime njia ya mkato iitwayo WPS, ambayo udhaifu wake ulifichuliwa Desemba 2011.

Narudi kwa jirani, kwa sababu lilizuka jambo ambalo ukurasa wa ruta haukuliuliza. Baadhi ya vyombo vile tisa vya nje vilikuwa simu za watoto wa shule waliokuwa wakija jioni kukaa ngazini kwake kutafuta maswali ya mitihani iliyopita. Mwalimu yule alikuwa radhi nao. "Hawa nikiwafungia," aliniuliza, "nitakuwa nimestaafu ualimu kweli?" Swali hilo lilinigusa kuliko yote niliyoyaeleza hapo juu. Kufunga mlango ni rahisi. Kazi ni kuamua nani abaki nje, na nje hiyo iwe ya namna gani.

Wajenzi wa nyumba za pwani walilijibu swali hilo zamani. Waliweka baraza mbele ya nyumba, benchi la mawe nje ya mlango, ambapo mgeni na mpita njia hupokewa kwa heshima, anakunywa kahawa na kuzungumza, bila ya kuingia ndani kwenye faragha ya watu wa nyumba. Ruta nyingi za siku hizi zina baraza. Mafundi huuita mtandao wa wageni. Una jina lake na neno lake la siri, wanaoutumia hawavioni vyombo vilivyo ndani, na katika ruta kadhaa unaweza kuuwekea saa na kiwango cha kasi. Ya jirani yangu ilikuwa nayo. Tuliupa saa mbili kila jioni, na neno lake la siri analibadili kila mwezi na kuwapa watoto mwenyewe, kwa mdomo. Bando sasa hufika mwisho wa wiki.

Jambo la mwisho ambalo historia hutufundisha ni kujua mpaka wa uwezo wa kisanduku. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini, na intaneti ikazorota vibaya Tanzania, Msumbiji, Malawi na kwingineko. Siku kama hiyo, kuizima ruta na kuiwasha mara kumi hakusaidii kitu, wala kumlaumu mtoto aliyekuwa akiangalia katuni. Kama taa ya Wi-Fi inawaka na vyombo vya ndani vinaonana, lakini taa ya intaneti ni nyekundu au imezimika, basi tatizo kwa kawaida liko nje ya nyumba yako. Liko kwenye nguzo, kwenye mnara, au chini ya bahari ileile iliyopitisha waya wa 1879.

Shauri langu ni hili. Siku kisanduku kinapoingia nyumbani, usimwache fundi aondoke kabla hajakufungulia ukurasa wake na kukuonyesha mambo matano: jina la mtandao, neno lake la siri, aina ya ulinzi, neno la siri la msimamizi, na orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Akiondoka, badili maneno yote mawili ya siri mwenyewe. Seremala aliyeweka mlango hukabidhi funguo zote kwa mwenye nyumba, na hapana anayemwona kuwa ameonewa. Maneno hayo yaandike katika daftari, na daftari likae kabatini pamoja na hati ya nyumba.